Tuliambiwa Tuseme Alikuwa Likizo

"Alikuwa likizo."

Maneno mawili tu. Na aliyeyasema hakuwa adui yangu. Alikuwa Dada Mkubwa, rafiki yangu, mtu niliyesimama naye mochwari tukamtambua marehemu pamoja, mimi nimemshika mkono, yeye kanishika bega.

Sasa alikuwa amekaa kiti cha pembeni yangu, mbele ya wakaguzi, mikono juu ya mapaja, anaangalia meza.

"Alikuwa likizo wiki ile," akarudia. "Ajali ilimkuta kwenye shughuli zake binafsi."

Ndugu zangu... niliganda.

Maana mimi nilijua, yeye alijua, na kila rezidenti aliyekuwa mle ndani alijua kwamba yule kijana, mwenzetu, alikufa akitoka kazini.

Acheni niwarudishe nyuma kidogo mnielewe.

Mimi ni daktari. Chuo nilishamaliza zamani, nikarudi kusomea upasuaji. Watu kama mimi hospitalini tunaitwa marezidenti. Ni madaktari kamili, ila bado tuko chini ya mabingwa tunaojifunza kwao. Kwa mgonjwa, wewe ndiye daktari, maana wewe ndiye anayemwona. Kwa bingwa, wewe bado mtoto. Uko katikati, si huku si kule.

Na hospitali haiamki tu asubuhi ikaamua kufundisha mabingwa. Lazima ipewe ithibati, yaani kibali cha kufundisha. Kuna baraza linatuma wakaguzi kila baada ya muda. Wanaangalia kama bingwa anasimama na wewe kwenye chumba cha upasuaji, au anakuachia kisu anakwenda zake. Kama mnafundishwa kweli, au mnatumikishwa tu. Kama mnapata muda wa kulala.

Halafu wanakaa na marezidenti peke yao. Mlango unafungwa, mabosi wanabaki nje.

Kuta zinaweza kupakwa rangi ya haraka. Mashine zinaweza kuazimwa. Lakini rezidenti ndiye anayeishi humo, kwa hiyo neno lake lina uzito kuliko hotuba yoyote.

Ithibati ikiondolewa, programu inafungwa. Na miaka yako uliyosota inabaki inaning'inia hewani.

Sasa... marehemu.

Tulimwita Ngoja. Alikuwa mrefu, mpole, anatembea kama anaogopa kuamsha mtu. Kabla hajapasua alikuwa na tabia moja. Anainua kidole, anasema "ngoja," anamwangalia mgonjwa upya. Ni huyu kweli? Ni upande huu kweli? Ndipo anaanza.

Mabingwa walimcheka. Sisi tulimtania kwamba siku ya ndoa yake akiulizwa kama amekubali, atainua kidole. Yeye anacheka tu. Mgonjwa wake hata mmoja hakuwahi kukatwa pasipotakiwa.

Wiki aliyokufa tulikuwa wachache. Wengine walikuwa kwenye mitihani, wengine wanaumwa. Bingwa wa zamu alikuwa na kliniki yake mjini. Ukimpigia anakwambia endelea, niko njiani. Ile njia yake haikuwa na mwisho.

Ngoja akashika zamu. Ilipoisha, akashika nyingine. Na nyingine juu yake. Alimalizia na mama mmoja ambaye utumbo ulikuwa umepasuka. Alimfungua na kumshona bila bingwa pembeni. Yule mama alipona.

Asubuhi Ngoja akabadilisha nguo, akamwambia nesi kwamba mchana atarudi kumwangalia mgonjwa wake, akaingia kwenye gari.

Barabara ilikuwa imenyooka. Jua linawaka. Lori lilikuwa limeegeshwa pembeni, linaonekana kutoka mbali. Waliopima ajali walisema hakukuwa na alama ya breki hata kidogo.

Alilala kabla hajafika kwenye lori.

Mama yake alipokuja kuchukua vitu vyake, nilikuwa ofisini kwa Profesa, mkuu wa mafunzo yetu. Profesa alimpa pole vizuri sana. Akamwambia kijana alikuwa mapumzikoni, na vijana siku hizi na mwendo kasi, mama, tunasikitika. Yule mama akachukua koti jeupe la mwanawe, akalikunja kama nguo iliyotoka kwenye kamba ya kuanikia. Akasema asante. Akaondoka.

Nami nilisimama pale kama kabati.

Kuanzia hapo mambo yakaanza.

Chumba chetu cha kupumzikia kina vitanda vya chuma. Cha Ngoja kilikuwa karibu na dirisha. Baada ya mazishi hakuna aliyekilalia. Tulikitandika vizuri tukakiacha. Lakini kila tukirudi kutoka wodini, tunakuta shuka limebonyea pembeni, kama mtu aliketi kidogo akaondoka.

Tulilaumiana. Wewe ndiye unakaa pale. Aa, si mimi. Mwisho tukaacha hata kuuliza.

Siku moja nilikuwa nataka kupasua. Kisu mkononi, taa inawaka, bingwa kama kawaida yuko njiani. Nikasikia karibu na sikio langu, kwa sauti ninayoijua...

"Ngoja."

Nikasimama. Nikageuka. Nesi alikuwa anahesabu vifaa vyake, hana habari. Nikamkagua mgonjwa upya, kila kitu kilikuwa sawa. Nikaendelea, lakini mgongo wote ulikuwa umelowa jasho.

Mgonjwa mmoja wa wodini, mzee wa watu, akanilalamikia kwamba yule daktari mrefu anapita kila asubuhi, anasimama mlangoni, hamsalimii mtu. Nikamwambia labda ni dawa zinakusumbua, mzee wangu. Akanijibu dawa zinamsumbua tumboni, siyo machoni.

Ndipo ikaja taarifa. Wakaguzi wanakuja.

Profesa akatuita wote. Hakufoka, na hapo ndipo alipotuweza. Alituita wanangu. Akatukumbusha tumetoka mbali. Akasema programu ikifungwa yeye anastaafu zake, sisi ndio tutakaoanza upya kwingine, kama kuna atakayetupokea. Halafu akashusha sauti.

"Mwenzenu alikuwa likizo. Kusema hivyo hakumuumizi. Kusema vinginevyo kutawaumiza nyinyi."

Nilimtafuta Dada Mkubwa kwa macho, akawa anafunga kamba za viatu.

Dada tulimpa jina hilo kwa sababu alituzidi umri. Ana watoto, na alikuwa amebakiza kidogo tu amalize. Ndiye aliyenifundisha kufunga fundo kwa mkono mmoja. Tulivyokuwa tunatoka pale nikamwambia mimi siwezi kusema uongo huu. Akanishika mkono, akasema tutaona, mdogo wangu. Nikaelewa kwamba tuko pamoja.

Kumbe nilijielewesha mwenyewe.

Basi... turudi kwenye kile chumba.

Mlango umefungwa. Mkaguzi mkuu alikuwa mama wa makamo, naye mpasuaji, sauti yake ya chini inayokulazimisha usogee. Alituuliza kuhusu masomo, tukajibu vizuri. Kuhusu usimamizi, tukajibu vizuri zaidi. Kisha akauliza kuhusu mwenzetu aliyefariki. Alikuwa zamu?

Dada akasema alichosema.

Wengine wakaitikia kwa vichwa, mmoja baada ya mwingine. Nilikuwa nawaangalia watu ninaokula nao sahani moja, wanamzika Ngoja mara ya pili.

Mkaguzi akashukuru. Akafungua mdomo kuuliza swali lingine. Halafu akasita, akatuangalia kwa zamu.

"Nani amesema ngoja?"

Hakuna aliyekuwa amesema kitu.

"Nimesikia mtu anasema ngoja," akasisitiza. Akamgeukia mwenzake, mwenzake akatikisa kichwa. Yeye hakusikia.

Jamani... kile chumba kilipoa. Rezidenti mmoja wa mwaka wa kwanza akaanza kulia bila sauti. Dada alifumba macho. Na mimi nikajikuta nimesimama, sijui hata niliamua saa ngapi.

"Hakuwa likizo," nikasema. "Alikuwa kazini. Alikuwa kazini mpaka akafa."

Nikaeleza yote. Zamu zilizopandana, bingwa wa njiani, yule mama wa utumbo, alichoambiwa mzazi. Hakuna aliyenikatiza. Nilipomaliza, hakuna aliyeniunga mkono pia.

Wakaguzi wakaondoka na mimi nikabaki na wenzangu.

Nilichuniwa, acheni tu. Nikiingia kwenye chumba cha chakula, stori zinakatika. Kwenye kundi letu la simu nikaandika salamu, ikabaki peke yake kama yatima. Profesa alinipita kwenye korido kama anapita ukuta. Mabingwa wakanipangia kazi za wodini tu, kisu nikawa nakisikia harufu. Dada naye akawa hanitazami.

Mara nyingi nilikwenda kukaa kwenye kile kitanda cha dirishani. Mimi niliyekuwa nakiogopa. Nilikaa pembeni, pale pale palipokuwa panabonyea, nikamuuliza marehemu: sasa umefurahi?

Tangu siku ya wakaguzi sikumsikia tena.

Majibu ya baraza yakaja. Programu haikufungwa. Iliwekwa kwenye matazamio, yaani chini ya uangalizi. Hakuna kupokea marezidenti wapya mpaka mambo yanyooke, bingwa wa zamu awepo hospitalini kwa mwili wake na siyo kwa simu, na rezidenti aliyemaliza zamu aende akalale, atake asitake. Profesa akaondolewa ukuu wa mafunzo. Sisi tuliokuwepo tuliruhusiwa kuendelea.

Yaani kile tulichotishwa nacho hakikutokea.

Watu wakaanza kunisalimia tena kidogo kidogo, macho pembeni. Nikajiona nimeshinda peke yangu. Nikavimba kichwa, nisiwafiche.

Mpaka mchana mmoja Dada Mkubwa alipokuja kwangu.

Hakukaa kwenye kochi. Alikaa chini, akaegemea ukuta. Akaniambia baraza halikunisikiliza mimi. Sauti moja dhidi ya chumba kizima, wangeiita chuki binafsi. Jioni ile ile, baada ya kikao, alikwenda walikofikia wakaguzi, akamgongea yule mama, akakanusha kila alichosema yeye kikaoni. Tulikuwa wawili. Ndiyo maana waliamini.

Nikamuuliza kwa nini aliniacha nichuniwe peke yangu muda wote ule.

Akakunja miguu, akaikumbatia.

"Kwa sababu wenzetu wangeuliza kwa nini nimegeuka," akasema. "Zamu ile ya mwisho haikuwa ya Ngoja. Ilikuwa yangu."

Mtoto wake alikuwa na homa kali, amepelekwa hospitali nyingine, anatapika. Aliomba ruhusa, bingwa akamwambia atafute mtu. Hakukuwa na mtu. Ngoja alikuwa amekaa kitandani anavua viatu ili alale. Akamsikia Dada akilia kwenye simu. Akavivaa tena. Akamwambia nenda kwa mwanao, nitakushikia.

"Anakuja kwangu kila siku," Dada akasema. "Hasemi kitu. Anakaa pembeni ya kitanda changu, viatu vyake miguuni, kama mtu anayesubiri aambiwe sasa unaweza kulala."

Hasira yote niliyokuwa nimeitunza nikawa sijui pa kuiweka. Nikakaa chini na mimi, tukalia kama watoto.

Tukaamua twende kwa mama yake.

Mama alitukaribisha, akatuwekea viti kivulini. Lile koti lilikuwa limening'inizwa ndani, linaonekana kutoka mlangoni. Nilijitolea kuanza, Dada akanizuia. Akapiga magoti, akaeleza mwenyewe, hakuruka kitu. Kwamba kijana hakuwa mapumzikoni. Kwamba hakuwa na mwendo kasi wa starehe, alikuwa na usingizi wa watu wengine. Kwamba zamu ilikuwa yake yeye anayepiga magoti.

Mama alimsikiliza bila kubadilika uso. Nilikuwa tayari kwa lolote. Atufukuze, atulaani, apige kelele majirani waje.

Akauliza tu, "Mtoto wako alipona?"

"Alipona, mama."

"Anaitwa nani?"

Dada akamtajia. Mama akalirudia lile jina taratibu, kama anajifunza. Kisha akamwinua Dada kwa mikono yake miwili, akampangusa vumbi magotini. Akasema kilichomuumiza zaidi ya kifo ni kule kuambiwa mwanawe alikufa kwa uzembe. Alikuwa anaona aibu hata kumlilia.

Tulipokuwa tunaaga, Dada akamwambia na lile la kitandani. Nilitaka kumkanyaga mguu anyamaze, nikachelewa.

Mama hakushtuka. Akaangalia lile koti kupitia mlangoni.

"Akija tena," akasema, "mwambie mama amesema alale."

Sijamuuliza Dada kama alikuja tena. Naona analala siku hizi, hiyo inanitosha.

Mimi ninachowaachia ni hiki. Siku moja utaulizwa jambo kuhusu mtu ambaye hawezi tena kujijibia. Utaambiwa uongo hautamuumiza, maana ameshakufa. Usikubali. Ana mama. Ana jina. Na wewe una kitanda utakachorudi kukilalia.

Na kama kazini kwako kuna mtu anayewashikia wengine kila siku bila kulalamika, usisubiri wakaguzi. Leo hii, mwambie akalale.