Mvua ya Jumamosi Uwanjani Waimoko

Ngaire alimsikia kabla ya kumwona. Foleni ya panikeke, maandazi ya Kisamoa, katika soko la Waimoko, kusini mwa Auckland, ilikuwa ndefu, na mbele yake jamaa mmoja mrefu, shuka ya lavalava yenye maua mekundu kiunoni, alikuwa akiisema manispaa bila kupumua.

"Jua linawaka, uwanja mkavu, halafu mtu kakaa ofisini na chai yake anatufungia! Huyo hatofautishi nyasi na zulia!"

"Ni kahawa, si chai," Ngaire akasema. "Na huyo mtu ni mimi."

Jamaa akageuka. Mabega mapana, ndevu zimechongwa vizuri, macho yamemtoka kwa aibu. Ngaire akalivuta koti lake la mvua la rangi ya machungwa na kujikuta anatafuta sababu ya kuendelea kugombana.

"Naitwa Setefano," jamaa akasema. "Natunza uwanja wa klabu ya raga. Njoo uuone, dada. Ukilowa miguu, viatu juu yangu."

"Viatu ninavyo. Ninunulie panikeke."

Akaenda, na alichokiona kilimgusa. Akina mama wa Kisamoa walikuwa wanasugua vyumba vya kubadilishia nguo huku wanaimba. Wazee wanavuta kamba na kuchora mistari myeupe iliyonyooka kuliko barabara za mji. Hakuna aliyelipwa hata senti. Ngaire akarudi kwa madiwani akapigana kweli kweli: manispaa ikate nyasi na kuleta mchanga, klabu ichore, isafishe, ishike ufunguo na, hapo ndipo madiwani walipoguna, iamue yenyewe kufunga uwanja ukilowa. Wakakubali kwa majaribio ya msimu mmoja. Klabu ikicheza kwenye tope hata mara moja, ufunguo unarudi.

Penzi nalo halikungoja kikao. Kila asubuhi simu iliita.

"Umeamkaje, bosi wa nyasi?"

"Vizuri, mlinzi wangu. Umeota nini?"

"Nimekuota wewe na mashine ya kukatia."

"Mashine ilikuwa imevaaje?"

Walikuwa wakicheka mpaka Ngaire anachelewa kazini.

Ikafika Jumamosi ya mechi na klabu ya majirani, ile ambayo watu huisubiri mwaka mzima. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Ngaire akapiga simu, haikupokewa. Akapiga tena, kimya. Akawasha gari, na alipofika barabara ya juu ya kilima akaona uwanja umejaa watu toka goli hadi goli. Akapiga mara nyingine na kuacha ujumbe wa sauti.

"Setefano, nimewaapia madiwani kwa ajili yako, na wewe unacheza topeni! Umeniuza kwa mechi moja. Mwongo mkubwa! Usinitafute tena."

Langoni alipokelewa na Mama Sieni, mama yake Setefano, simu ya mwanawe mkononi.

"Ujumbe wako tumeupata, mwanangu. Simu kaiacha jiko la klabu; nilidhani ni mtu wa mikate, nikafungulia sauti. Jiko zima limesikia."

Ngaire akatazama nyuma ya mama yule. Hapakuwa na mpira. Wenyeji na wageni wao, wachezaji, wake zao na wazee, walikuwa wamejipanga safu ndefu, miguu mitupu, kila mmoja na uma wa bustani. Wanauchomeka ardhini, wanautikisa, wanapiga hatua, na maji yaliyotuama yanazama. Majirani walikuja kucheza, wakakuta lango limefungwa, wakaazima uma.

Setefano akaja, tope hadi magotini.

"Nimefunga alfajiri," alisema. "Kocha hajanisemesha mpaka sasa." Macho yake yakaangukia gari la Ngaire. Kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na ubao wa manispaa: UWANJA UMEFUNGWA. "Huo unatembea nao tangu lini?"

Ngaire angeweza kudanganya.

"Tangu msimu uanze."

"Kwa hiyo ufunguo ulitukabidhi, imani ukabaki nayo."

Maneno yalimchoma, naye akalia bila kujificha. "Mbele ya madiwani nilikuwa hodari. Nikiwa peke yangu, mvua ikinyesha, naogopa. Nimezoea kufunga mimi. Nimekukosea, mpenzi, tena kwa sauti ya juu."

Kule jikoni mtu alicheka. Setefano hakucheka. Alirudi kwenye safu yake, akainama, akaendelea na kazi.

Ngaire akavua viatu. Akautoa ubao garini, akamkabidhi Mama Sieni autie jikoni kama kuni, kisha akaazima uma na kusimama kando ya Setefano. Tope lilikuwa baridi sana. Walichomeka uma zao bega kwa bega, safu nzima ikijifanya haiwaangalii.

"Nioe," Ngaire akasema ghafla.

Uma wa Setefano ukasimama. Na uma za jirani zao zote zikasimama.

"Kwa majaribio?"

"Bila majaribio. Na siku ukikosea, nitakuwa nimekosea pamoja nawe."

Setefano akaachia uma, akamshika uso kwa mikono yake ya matope.

"Nimekubali," alisema, akamkumbatia pale pale majini, na majirani wakapiga makofi kuwashinda wenyeji.