Nyayo Nyeupe za Bibi

Kila Jumamosi asubuhi, wenzangu wakiwa bado wamelala, mimi huwa nimepiga magoti bafuni. Kazi yangu ni kusugua mistari ya saruji nyeupe iliyo kati ya vigae vya sakafu. Nasema nyeupe kwa heshima tu. Mabaki ya sabuni na ukungu hujikusanya humo mpaka mistari inakuwa myeusi na yenye utelezi.

Nilipewa kazi hiyo baada ya bibi kuteleza na kuumia nyonga. Mama alitaka awe anamwogesha, bibi akakataa katakata. "Siku ya kuoshwa na watu naijua, na bado haijafika," alisema. Wakapatana kwamba ataendelea kuoga peke yake, ilimradi sakafu isiwe na utelezi. Sakafu ikawa juu yangu.

Jumamosi moja nilikuwa hoi. Tulikuwa na mitihani wiki nzima, na nilipoitazama ile mistari nilikata tamaa kabla ya kuanza. Ndipo nikakumbuka vipande vya chaki nilivyookota darasani. Nikavisaga, nikakoroga na maji kidogo, nikapaka juu ya uchafu kwa mswaki wa zamani. Bafu likapendeza kama jipya.

Mama alirudi kutoka hospitali, anakofanya kazi ya kusafisha wodi. Alichungulia bafuni, macho mekundu kwa uchovu.

"Umesugua vizuri?"

"Ndiyo, Mama."

"Ahsante, mwanangu. Umenipunguzia mzigo." Akamwambia bibi bafu liko tayari. Moyo ulinisuta.

Tulisikia maji yakimwagika, halafu ndoo ikaanguka kwa kishindo. Mama alifika mlangoni kabla yangu. Bibi alifungua mwenyewe, kanga imelowa, anahema. Alikuwa ameteleza, akawahi kushika bomba. Akatembea polepole hadi kwenye kiti chake, na nyuma yake sakafu nyekundu ya sebuleni ikabaki na nyayo nyeupe.

Bibi akaziangalia, kisha akaniangalia mimi. "Mke mwenzangu, leo mpaka nyayo zangu zimeota mvi."

Hakuna aliyecheka. Mama aliinama, akagusa unyayo mmoja kwa kidole. "Chaki," alisema. Hakunifokea. Alikaa chini palepale na sare yake ya kazi. "Basi, Mama. Kuanzia kesho nitakuogesha mimi."

Bibi hakubisha. Aligeuza uso ukutani, na kule kutobisha kwake kuliniuma kuliko fimbo.

"Ni mimi," nikasema. "Sikusugua. Nilichoka, nikapaka chaki."

"Kuchoka si kosa," mama alisema. "Hata mimi nimechoka. Ungeniambia, bibi angesubiri, tungesugua wote. Lakini uliniambia ndiyo, na kwa ndiyo yako nikamwingiza mama yangu kwenye utelezi."

Tukaingia bafuni wote wawili. Mama alichanganya magadi soda na maji mpaka yakawa uji mzito, tukaupaka kwenye mistari, tukauacha robo saa. Kisha tukasugua sehemu ndogo ndogo na kusuuza. Mwisho tukakausha kwa kitambaa na kufungua dirisha, maana ukungu hupenda majimaji. "Ukikausha kila siku watu wakimaliza kuoga, Jumamosi hutateseka," alisema. Tulimaliza mchana, migongo inauma.

Kwa wiki mbili mama alimwogesha bibi, na kila jioni nilikausha sakafu. Jumamosi ya pili mama alivua viatu, akalowesha miguu, akatembea bafuni kutoka ukuta hadi ukuta. Hakuteleza.

"Umesugua vizuri?" akaniuliza.

"Pale nyuma ya mlango bado, Mama. Mkono umechoka."

"Sakafu chafu naweza kuisafisha mwenyewe," alisema. "Jibu la kweli ni wewe tu unayeweza kunipa. Lete mswaki."

Tukamalizia ile kona pamoja. Bibi akachukua taulo lake, akaingia, na tukamsikia akifunga komeo kwa ndani.