Maji ya Bonde la Maua

Kila asubuhi, kabla kengele ya kwanza haijalia, msichana mmoja wa darasa la sita alikuwa amekwisha kufuta ubao, kufungua madirisha na kupanga madaftari juu ya meza ya mwalimu. Hakuna aliyemtuma. Mwalimu akiuliza, "Nani atakwenda...", mkono wake ulikuwa juu kabla swali halijaisha. Nyumbani na shuleni walimwita Kiherehere, na jina hilo hakulichukia hata kidogo. Kasoro yake ilikuwa moja: alipenda kuanza kazi kuliko kuimaliza.

Mwaka ule mwalimu wa sayansi alipanga safari ya kwenda bonde la maua. Lilikuwa nyuma ya mlima, mwendo wa siku mbili kwa miguu, wala hapakuwa na barabara. Karibu mwaka mzima lilikuwa majani na mawe tu, lakini mvua zilipokwisha, kwa majuma matatu hivi, maua ya porini yalichanua kila mahali. Wanafunzi kumi na mmoja walichaguliwa, na mwalimu akagawa kazi.

"Nani atasimamia maji ya kunywa? Yachemshwe mpaka yatokote, kila jioni, bila..."

"Mimi, mwalimu!"

"Haya, Kiherehere. Usituangushe."

Walipanda siku ya kwanza tangu jua lilipochomoza. Mbele alikwenda mwongozaji, mwanamume mkimya aliyewahesabu watoto kila walipopumzika. Nyuma kabisa alikuja Mama Mpishi, aliyewapikia wanafunzi wa shule ile kwa miaka ishirini, akihema na kujicheka mwenyewe. "Miguu hii imezoea jiko, wanangu," alisema. "Mlima haiujui."

Saa kumi jioni walipiga kambi kando ya kijito. Mama Mpishi alikuwa kwenye jiko lake, akishughulika na maharage aliyoyaanza mara tu walipofika. Kiherehere aliwasha moto wa pili, akateka maji, akabandika sufuria. Kuni zilikuwa mbichi. Alipuliza mpaka machozi yakamtoka, na maji bado yalikuwa vuguvugu. Upande wa pili wa kijito wenzake walikuwa wakicheza, na rafiki yake wa tangu chekechea, msichana mrefu waliyemwita Twiga, alikuwa akimpungia mkono.

"Njoo! Tunakungoja wewe tu!"

Kiherehere aliyatazama maji. Yalikuwa meupe, hayana hata jani. Ya mlimani haya, aliwaza, nani atayachafua? Akayamimina kwenye dumu kubwa, akafunga kifuniko, akavuka kijito mbio.

"Maji tayari?" mwalimu alimuuliza wakati wa chakula.

"Tayari, mwalimu. Yametokota kabisa."

Kesho yake, walipopanda juu zaidi, walikuta ng'ombe wengi wamesimama ndani ya kijito kile kile. Maji chini yao yalikuwa rangi ya matope. Kiherehere aligeuka kulitafuta dumu. Dumu lilikuwa mgongoni mwa mwongozaji, na wote walikuwa wameshakunywa humo tangu asubuhi, yeye mwenyewe akiwamo. Akaendelea kupanda na wenzake. Labda hakutatokea kitu, alijiambia. Jioni ile, walipoteremka bondeni ndani ya ukungu mzito, alichemsha maji vizuri mno, lakini akayaongeza juu ya yale yale yaliyobaki.

Asubuhi ukungu uliondoka. Bonde lote lilikuwa limefunikwa maua, ya njano, ya zambarau, mekundu kama makaa, kutoka miguuni pao mpaka chini ya majabali. Hakuna aliyeshangilia. Wanafunzi watano walikuwa wakitapika nyuma ya mahema, na Twiga, aliyeharisha tangu alfajiri, hakuweza hata kusimama. Midomo yake ilikuwa imekauka, macho yamezama.

Mwalimu alimwendea Mama Mpishi. Sauti yake ilikuwa ya chini, lakini kila mtu aliisikia.

"Mama, yale maharage tuliyokula jana na juzi, yaliiva kweli?"

"Yaliiva, mwalimu."

"Na sufuria ilioshwa?"

"Niliiosha kwa mikono yangu hii."

"Basi ni nini? Maji yalichemshwa. Hakuna kitu kingine walichokula. Itabidi nimweleze mwalimu mkuu."

Mama Mpishi aliketi juu ya jiwe, akaangalia viganja vyake, akavigeuza na kuviangalia tena kama vitu vya mtu mwingine. Kiherehere alisimama hatua tatu kutoka pale. Nikisema, watanichukia wote, aliwaza. Wala sitapewa tena kazi yoyote maishani. Akageuka asiyaone maua, maana yalimzidishia uchungu.

Ndipo mwalimu alipochukua kikombe. "Mgonjwa wa kuharisha lazima anywe maji mengi," alisema, akamimina maji kutoka kwenye dumu. Akapiga goti, akainua kichwa cha Twiga. Twiga alifumbua mdomo.

"Usimpe!" Kiherehere alipiga kelele. "Mwalimu, usimpe hayo! Ya siku ya kwanza sikuyachemsha. Nilidanganya. Na mengine nimeyachanganya humo humo!"

Mwalimu alikitazama kikombe, akamwaga maji polepole juu ya nyasi.

"Tangu jana ulijua?"

"Tangu tulipoona ng'ombe."

"Na sasa hivi, nilipokuwa nikimsema mama huyu?"

Kiherehere alilia, lakini hakuna aliyekuja kumbembeleza. Mwongozaji alimwaga dumu lote. Mama Mpishi ndiye aliyeinuka wa kwanza, akachochea moto, akachemsha maji mapya mpaka yakatokota, akayaacha yapoe, akatia sukari na chumvi kidogo kwa kipimo alichoambiwa na mwalimu. Alimnywesha Twiga kijiko kwa kijiko.

Walitengeneza machela kwa turubai na miti miwili, wakamlaza Twiga. Kurudi kuliwachukua siku ile nzima na asubuhi ya pili. Wenzake hawakumsemesha Kiherehere njia nzima. Alibeba mizigo ya wagonjwa wawili, na kila machela ilipotuliwa alikimbia kuangalia kama Twiga anapumua. Mara moja alimkuta amefumba macho, mkono wake baridi, akadhani ameshakufa. Akaketi njiani. Mwongozaji alimwinua kwa kwapa, akamwambia neno moja tu: "Tembea."

Kwenye zahanati, muuguzi alimtundikia Twiga dripu. Jioni alitoka nje, akasema, "Atapona. Mngempa tena maji yale, tungekuwa tunaongea mengine."

Mwalimu aliwakusanya wanafunzi uani. Mbele yao wote alimgeukia Mama Mpishi. "Nilikushutumu bila kuchunguza. Nisamehe, mama. Mwalimu mkuu nitamweleza ukweli, na kosa langu pia nitalitaja, maana mimi sikuyakagua maji."

Baadaye Kiherehere alimfuata Mama Mpishi kwenye benchi la nje.

"Mama, nisamehe."

"Maji mabichi ni uvivu wa mtoto," Mama Mpishi alisema. "Huo nimeuona jikoni kwangu miaka mingi, na una dawa. Lakini ulinyamaza ukiniona ninavuliwa heshima yangu. Hilo limeniuma, mwanangu, siwezi kukuficha. Sikiliza. Kosa ukilisema siku ile ile, maji yanamwagwa tu, basi. Ukilificha, linanywewa na wengine. Umechelewa kusema, lakini umesema, ndiyo maana mwenzio yuko hai. Safari nyingine, usingoje kikombe kifike mdomoni."

Kisha akamsukuma kidogo begani. "Nenda ndani. Anakuulizia."

Twiga alikuwa amelala chali, sindano mkononi.

"Wameniambia yote," alisema. "Maua yalikuwaje?"

Kiherehere angeweza kumsimulia rangi zote, amfurahishe. "Sijui," alijibu. "Yalikuwa mbele yangu, lakini sikuweza kuyatazama."

Twiga aligeuza uso ukutani. "Sijakusamehe bado," alisema.

"Najua."

Dripu ilidondoka tone baada ya tone. Kisha Twiga akasogeza miguu yake kidogo, akamwachia nafasi ukingoni mwa kitanda.

"Lakini kaa."