Boriti Iliyonepa

Maiti ya mama mzee kipofu ilikuwa sakafuni, imelaliwa na boriti ya chuma na nusu ya ghorofa ya juu. Inspekta alivua kofia. Kazi hii hajaizoea, na hana hamu ya kuizoea.

Mhandisi aliyeichora nyumba, mkwe wa marehemu, alishawekwa mahabusu. Mtaa mzima ulishamhukumu. Inspekta alimfuata huko kumsikiliza.

"Nilipiga hesabu, Afande. Boriti nene kiasi kile, kwa mzigo ule, inavuka mita tatu salama. Sita, hapana. Ndiyo maana niliweka nguzo katikati."

"Hakuna nguzo."

"Ilikuwepo!"

Inspekta alirudi kwenye kifusi, akafagia vumbi. Kisiki cha nguzo kilikuwa pale, kimekatwa kwa moto wa gesi. Mlango wa chini ya boriti nao ulikuwa umepigwa randa upande wa juu, mbao bado nyeupe.

Alimwita mtoto wa kiume wa marehemu, fundi wa kuchomelea, aliyeishi na mama yake.

"Mlango ulikuwa unakwama?"

"Mvua, Afande. Mbao zilifura."

"Mvua gani, kiangazi hiki?"

Fundi aliokota kipande cha mbao, akakitupa.

"Boriti ilianguka ghafla?"

"Ghafla wapi! Ilianza kunepa..." Akajiuma ulimi.

Majirani walisikia kishindo tu. Hakuna aliyetaja kunepa.

"Uliiona inashuka, inakandamiza mlango. Ukachukua randa."

"Nilidhani itatulia. Si chuma?"

"Na nguzo?"

Fundi alijifuta uso kwa kiganja.

"Mama alikuwa akijigonga nayo, Afande. Kila mara nundu mpya kwenye paji la uso. Mama yangu! Nikamwomba shemeji aitoe, akasema mpaka tubadilishe boriti kwanza. Nikaona ananizungusha. Nikaikata mwenyewe."

"Ukamwacha shemeji yako akae ndani kwa kosa lako?"

"Ningemwambia nini dada? Kwamba nimemuua mama?"

Dada mtu, mke wa mhandisi, alikuwa amesimama nyuma yao, amesikia yote. Inspekta alitamani angekuwa popote pengine.

"Mama alijua umeitoa?" dada aliuliza.

"Alijua. Nilimwambia apite tu, njia nyeupe. Akapita, mikono chini, hapapasi. Akageuka, akapita tena." Fundi alishindwa kumtazama. "Alikuwa anacheka, dada."