Fundi Aliyekataa Nyumba Tisa

"Hii nyumba haitufai," Okinyi alisema, na hata sebuleni hatukuwa tumefika.

Waceke, dada aliyekuwa anatuonyesha nyumba, alikuwa bado anahangaika kuchomoa ufunguo mlangoni. Aligeuka akaniangalia mimi, hakumwangalia Okinyi. Ilikuwa nyumba ya tisa tangu Januari na sasa tulikuwa Agosti, kwa hivyo alishatuzoea.

"Ingia kwanza," nikamwambia Okinyi. "Angalia hata dirisha."

Mimi nilikuwa nimeshafika dirishani. Gorofa ya tatu, Riruta, hatua chache kutoka Naivasha Road. Chini kulikuwa na mama wa chapati, fundi wa nguo na cherehani yake barazani, duka la dawa, na kinyozi aliyeufungulia redio mtaa mzima bila kuombwa. Niseme ukweli, moyo wangu ulihamia pale kabla yangu. Miaka sita nimepanga chumba cha nyuma kwa watu Lavington, mahali ambapo ukicheka kwa sauti mbwa wanabweka na mlinzi anatumwa kukuuliza kuna nini. Nilitaka mtaa wenye watu. Nilitaka kutoka na ndara kwenda kununua nyanya. Na nilitaka bei ya watu kama sisi, msusi wa Kenyatta Market na fundi wa paipu.

Huyo fundi wa paipu, Okinyi, ndiye alikuwa mchumba wangu, na alikuwa fundi kweli. Nyumba hakuiangalia kwa macho. Alifungua mfereji, akainama chini ya sinki, akagonga paipu kwa spana, halafu akaweka sikio ukutani na kufumba macho. Nilipenda sana kumwangalia akifanya hivyo. Waceke naye alikuwa anapiga miayo.

"Zimeoza," Okinyi alisema akijipangusa mikono.

"Zimeoza aje na ploti haijamaliza miaka mitano?" Waceke akauliza.

"Zimeoza huko ndani ya ukuta. Mwaka mmoja tu utakuwa unavunja taili."

"Fundi, na ile ya Uthiru ulisema tanki iko chini. Ya Kangemi ukasema presha hakuna. Ya Waithaka..."

"Dada, wewe uza nyumba. Paipu niachie mimi."

Tuliposhuka ngazi nilikuwa nakaribia kulia.

"Okinyi, wewe kweli unataka tununue?"

"Nataka, nyar Ukambani."

Hilo jina, yaani binti wa Ukambani kwa Kijaluo, alinipa siku ya kwanza tulipojuana, na kila akinihitaji nilegee alilitoa. Nililegea.

"Basi nitafutie kasoro ndogo tuishi nayo."

"Disemba tutakuwa kwetu. Niamini tu."

Nikamwamini. Ningefanya nini? Mimi nikiambiwa nywele hii itakatika nikiivuta hivi, najua. Mambo ya paipu sijui, na ndiyo maana nilimpenda mtu anayejua.

Jumatano, nikiwa kazini, simu ilitoa mlio. Ujumbe wa Waceke:

"Dada Kavutha, kuna watu wamependa sana ile ya Riruta. Mwenyewe anataka jibu Ijumaa. Nimekwambia wa kwanza kwa sababu nilikuona pale dirishani."

Nikampigia Okinyi. Simu iliita sana kabla hajaishika, na nyuma yake kulikuwa na mtu anagongelea mabati.

"Uko wapi?"

"Niko Siaya. Mambo ya nyumbani."

"Tena? Si ulienda wiki mbili zimepita?"

"Mathee alikuwa na shida kidogo. Nitakwambia."

"Utaniambia lini? Okinyi, ile nyumba inaenda."

"Wacha iende. Tutapata ingine, mrembo. Wacha nikupigie baadaye."

Hakupiga. Pale Kenyatta Market kichwa kimoja husukwa na watu wawili au watatu ili mteja aende zake mapema, na upande wa pili wa kichwa nilichokuwa nasuka siku hiyo alikuwa Ivyne, rafiki yangu. Alikuwa amesikia kila neno.

"Mwanaume amekataa nyumba tisa?" alisema. "Kavutha, shida si nyumba."

"Ni paipu, Ivyne. Huyu ni fundi. Anajua."

"Kila wiki mbili Siaya, kila nyumba mbovu. Huko kuna mwanamke."

"Okinyi si mtu wa hivyo."

"Hakuna mtu wa hivyo mpaka siku anakuwa."

Mteja, ambaye tulikuwa tumemsahau katikati yetu, akainua kichwa. "Samahani, nimeingilia. Lakini kwani Nairobi nzima fundi ni mmoja? Si uite mwingine?"

Ivyne akacheka hadi akaangusha kitana. Mimi sikucheka. Nilihisi aibu, kwa sababu wazo hilo lilikuwa limenijia usiku mwingi na nilikuwa nalifukuza.

Alhamisi nilimpeleka Riruta Mzee Kitavi, fundi wa kutoka kwetu Makueni ambaye amefunga maji katika nusu ya vibanda vya sokoni. Waceke alitufungulia, nikasimama mlangoni. Mzee alifungua, akafunga, akapanda juu kuangalia tanki, akarudi akihema.

"Mwiitu, binti yangu, nani alikwambia hizi paipu zimeoza?"

"Fundi mmoja, mzee."

"Hizi ni mpya. Hata mimi kwangu sina kama hizi."

"Labda ukutani ndani..."

"Paipu za plastiki zinaoza aje?" Akaniangalia kwa huruma. "Huyo fundi, alikuwa anataka kukuuzia nyumba yake?"

"Hapana, mzee. Alikuwa anataka kunioa."

Mzee Kitavi alikusanya vyombo vyake polepole.

Ijumaa saa nne asubuhi nilikuwa kwa wakili, katikati ya jiji, gorofa ya sita, nimevaa rinda la kanisani. Karatasi zilikuwa mezani. Waceke aliketi kando yangu, naye wakili alikuwa amenipa kalamu na kunionyesha pa kutia sahihi. Mkopo wa sacco ulikuwa umekubalika kwa jina langu, na nyumba ilikuwa ndogo kiasi cha kuiweza peke yangu, lakini sikuwa nimewahi kuifikiria kama nyumba ya mtu mmoja. Nikaomba dakika tano. Nikatoka kwenye ngazi, nikapiga simu.

"Okinyi, nakuuliza kitu kimoja tu, na nitaamini utakachoniambia."

"Sema, mpenzi."

"Ile nyumba ya Riruta. Paipu zimeoza?"

Nilimsikia akipumua. Watu walinipita kwenye ngazi na mafaili yao, nami nikawa naomba Mungu moyoni: sema hapana, sema tu hapana, lolote lile lingine tutaliongea.

"Okinyi?"

"Zimeoza, Kavutha. Nilikwambia."

"Sawa."

"Mbona unauliza? Uko wapi?"

Nikakata. Nilirudi ndani nikatia sahihi kurasa zote, na pale palipoandikwa jina la mnunuzi nikaandika langu peke yake. Kulia kulikuja baadaye, nikiwa chooni kwa wakili, na Waceke alinishika mabega mpaka nikanawa uso.

Jioni nilimtumia ujumbe:

"Nimenunua Riruta. Fundi mwingine ameangalia, kila kitu ni kizima. Sijui ulikuwa unaficha nini na sitaki kujua. Usinipigie."

Alipiga mara kumi na saba. Akatuma ujumbe: "Tafadhali nipe wiki chache, nitakueleza kila kitu." Nikajisemea, mtu mwenye maneno ya kweli haombi wiki chache. Nikamfungia njia zote.

Nilihamia Novemba mwanzoni. Vitu vyangu vilikuwa vichache, Ivyne na mimi tulivipandisha ngazi kwa safari nne. Jumapili ya pili, nimetoka kanisani na kuweka chai jikoni, mlango ukabishwa. Alikuwa Okinyi. Amekonda, mikono ina makovu mapya, na viatu vina udongo mwekundu usio wa Nairobi.

"Nani alikuonyesha mlango?"

"Nilishauona Agosti."

"Kweli. Uliukataa."

"Niruhusu niongee. Halafu ukinifukuza, nitaenda."

Nilimpa kiti, nikampa chai. Alishika kikombe bila kunywa.

"Unamjua ndugu yangu Oyoo," akaanza.

"Mkubwa wako. Aliyefutwa kazi Kisumu."

"Alirudi nyumbani bila kitu. Mtu wa miaka arobaini analala jikoni kwa mathee. Kavutha, kwetu mdogo hatangulii mkubwa kuwa na nyumba. Baba yangu mdogo alitangulia, na mwaka haukuisha wakamzika ndugu yake mkubwa. Mathee hajawahi kusahau. Nilipomwambia tunatafuta nyumba, alilia akanishika miguu. Akasema nikiingia kwangu kabla Oyoo hajaingia kwake, nimemzika."

"Na wewe unaamini?"

"Sijui. Lakini kama Oyoo angekufa, ningeamini maisha yangu yote."

Nilivuta kiti nikaketi ng'ambo ya meza.

"Kwa hivyo nikaamua kumjengea," akaendelea. "Kila nikienda Siaya nilikuwa najenga. Kuta, mabati, milango. Pesa yangu yote ya nyumba yetu iliingia huko. Ijumaa iliyopita amelala kwake mara ya kwanza. Nimetoka huko leo asubuhi, sijaenda hata kwangu. Sasa niko huru, nyar Ukambani. Sasa naweza."

Machozi yalinitoka. Hakukuwa na mwanamke Siaya. Mwezi wote Septemba nilikuwa nimemchora huyo mwanamke kichwani, nimempa sura na watoto, kumbe ni kaka mtu analala jikoni kwa mama.

"Mbona hukuniambia?"

"Oyoo aliniapisha. Hakutaka mtu ajue amejengewa na mdogo wake. Na wewe... niliona utanicheka. Utasema hayo ni mambo ya ushamba."

"Mimi? Mimi ambaye mama yangu hawezi kupanda maharagwe bila kuombewa jembe?"

Akatabasamu kidogo, na mimi pia, na kwa hiyo dakika moja nilimpenda kama zamani.

"Okinyi, mwiko ni wako ama ni wangu?"

"Ni wetu. Wa kwetu nyumbani."

"Basi ungeniambia tu. Ningenunua kwa jina langu, ningeishi hapa peke yangu, wewe ungekaa kwako mpaka Oyoo ajenge. Hakuna mtu angekuwa ametangulia mtu. Harusi tungeingoja."

Alinikazia macho. Niliona wazo likimfikia polepole, na lilipofika aliweka kikombe chini.

"Sikufikiria hivyo," alisema.

"Hukunipa nafasi nikufikirie."

"Nisamehe. Tuanze tena. Mathee amesema nikuletee salamu, amesema sasa ni sawa."

"Nikuulize kitu, na unijibu vile ulivyopaswa kunijibu nikiwa kwa wakili. Kama Oyoo angechukua miaka mitano?"

"Ningejenga miaka mitano."

"Na mimi ungeniambia nini?"

Alitazama mikono yake. Angeweza kudanganya, na huenda ningedanganyika, maana nilikuwa nimechoka kulala na simu kifuani. Lakini safari hii alisema kweli.

"Ningeendelea kutafuta kasoro."

"Nyumba ngapi?"

"Zote, Kavutha."

Alikuwa amenijibu kama mwanaume, na jibu lenyewe ndilo lililotumaliza.

"Ndugu yako ningemngoja," nikamwambia. "Nakuapia ningemngoja, na matofali ningekuletea. Lakini siwezi kuolewa na mtu ambaye akiniambia kitu kimeoza, lazima nitafute fundi mwingine aniangalizie. Mtoto akiugua utaniambia ni mzima. Ukiugua wewe utaniambia uko Siaya."

"Nitabadilika."

"Pengine. Na nitakuwa nagonga kila ukuta kujua kama umebadilika. Sitaki kuishi hivyo."

"Unanipenda bado?"

"Sana. Usiniulize tena."

Alifunika uso kwa mikono miwili akalia, mtu mzima, mabega yanamtikisika. Nilitaka kuzunguka meza nimshike. Nilisimama kabisa, hata kiti kikaanguka nyuma yangu, na kama mlango usingebishwa, sasa hivi ningekuwa nawaeleza habari nyingine.

Alikuwa Mukonyo, mtunza ploti, na daftari lake.

"Habari ya Jumapili, jirani mpya. Naandika watu kwa sababu ya taka na maji. Gorofa ya tatu, mlango wa pili. Hapa mko wangapi?"

Okinyi aliinua uso. Alinitazama tu, na macho yake yote yalikuwa yananiomba niseme wawili.

"Mmoja," nikasema.

Mukonyo akachungulia juu ya bega langu. "Na huyu?"

"Ni mgeni. Anatoka sasa hivi."

"Haya," Mukonyo akasema. Akaandika moja, akafunga daftari, akapanda gorofa ya nne.