Utaivaa Lini?

Romani alikuwa fundi cherehani mjini Babati, na kazi hakukosa. Alichokosa ni kazi iliyokwisha.

Cherehani chake kilikaa kwenye baraza la fremu yake ya biashara, karibu na soko. Wakati huo Manyara ulikuwa mkoa mpya kabisa. Kila wiki watu walihamia Babati, wa ofisini na wa biashara, na ilionekana kila mmoja ameshuka kwenye basi na kitambaa mkononi. Romani hakumkatalia mtu. Alikuwa na ujanja wake. Mteja akileta kitambaa, alikikata papo hapo, mbele ya macho yake. Kitambaa kikishakatwa, mtu ataondoka nacho aende wapi? Hata akija kufoka, anaonyeshwa mkono mmoja wa shati na kuambiwa, "Si unaona, nimeshaanza."

Kwa ujanja huo fremu ilijaa. Mikono isiyo na mashati huku, miguu ya suruali isiyo na viuno kule. Ungeingia mle ungedhani kumetokea ajali.

Fremu ya jirani ilikuwa ya Eliakunda, ambaye watu walimwita Mama Jesse. Naye alikuwa fundi. Alikuwa ametoka Arusha miezi mitatu tu iliyopita. Kila siku saa kumi jioni alifagia, akafunga mlango, akaenda zake nyumbani akiimba pambio. Na wateja wake hawakufoka.

"Fundi gani anamaliza kazi saa kumi?" Romani alimwambia mkewe, Valeria. "Pale kuna kitu."

"Labda anajua kushona."

"Hata mimi najua kushona. Nakwambia kuna kitu. Kila asubuhi anajifungia ndani kwanza. Nimemwona kwenye ufa, anachora chaki nyuma ya mlango. Maduara, mistari, misalaba. Ndipo anafungua."

Valeria aliendelea kuchambua maharage. "Baba Edda, magauni ya watoto yamefikia wapi?"

"Nimeshaanza."

Valeria akatupa changarawe moja nje ya ungo. Neno hilo alilijua kuliko wateja wote.

Magauni yenyewe yalikuwa manane, meupe, ya wasichana wa Nakwa, kijijini kwao, waliokuwa wanajiandaa kupokea kipaimara. Mmoja wao alikuwa Edda, binti yao. Askofu alikuwa anakuja Jumapili. Msichana asiye na gauni angeingia kanisani na sare ya shule, katikati ya wenzake waliovaa meupe. Edda alikuwa amesema mapema, "Baba, mimi na sare siendi." Na Edda hakuwa mtoto wa kutania.

Siku ya Jumatano alikuja Damasi, katekista.

"Fundi, magauni?"

"Nimeshaanza, Katekista." Romani akainua mkono mweupe mmoja.

Damasi akaugeuza huku na huku. "Huu ni wa mtoto gani?"

Romani aliutazama. Hakujua.

"Sawa," alisema Damasi. "Jumamosi saa tisa nakuja na mfuko. Nikikuta mikono tu, nitawaita mama zao, wote wanane, waje wakae hapa barazani kwako."

Romani alikaa kwenye cherehani kwa nia njema kabisa. Kabla hajatia uzi, akaja dereva na suruali iliyoharibika zipu. "Fundi, dakika mbili tu." Akaja mama mmoja na pazia. Akaja Theodori, bwana wa ofisini, kuulizia suti yake. "Ni ya haraka, fundi. Haraka sana." Romani akaliacha pazia, akashika suti. Akaiacha suti, akarudi kwenye zipu. Jua lilipozama alikuwa na zipu moja, pazia moja, na nusu ya mguu wa Theodori. Gauni hakuna hata moja.

Alhamisi alifika mapema. Mlango wa jirani ulikuwa wazi, na Mama Jesse hayupo. Romani akatazama kushoto, akatazama kulia, akachungulia.

Alama zilikuwa pale. Na mbele ya misalaba mitatu palikuwa na herufi moja: R. Mwili ukamsisimka. R ni nani mtaa huu kama si Romani?

"Habari za asubuhi, Baba Edda. Umepoteza kitu?"

Mama Jesse alikuwa nyuma yake na mkaa wa pasi.

"Hiyo R ni nani?" aliuliza Romani kwa ukali.

"Ni wewe."

Hakujificha hata kidogo. Romani akarudi nyuma hatua moja. "Na msalaba?"

"Msalaba ni kazi ambayo sitaifanya mimi. Zipu na suruali za kiume hazinifai, nazileta kwako. Yule dereva wa jana ulidhani ameliota jina lako?"

Romani aliikumbuka ile zipu. Lakini hakuwa mtu wa kushawishika upesi. "Na maduara?"

"Duara ni nguo ambayo siku yake haisogei. Ya harusi, ya mahafali. Hiyo naishona kwanza, asubuhi, kabla barabara haijajaa watu. Mstari ni nguo yenye nafasi. Hiyo inafuata. Vitu vidogovidogo nafanya baada ya saa nane."

"Mimi kazi zangu zote ni za haraka."

"Nani kasema?"

"Wenyewe."

Mama Jesse akacheka. "Hakuna mteja asiye na haraka. Wewe uliwauliza watavaa lini?"

Romani alifikiri. Siku zote aliuliza, "Unaitaka lini?" Na siku zote jibu lilikuwa kesho.

"Anayeitaka kesho si lazima aivae kesho," alisema Mama Jesse. "Mwingine anataka tu kuiokoa isipotelee kwako."

"Na kwa nini unanifundisha? Wewe unapata nini?"

"Ukizama wewe, zipu zote za Babati zitanirudia mimi." Kisha akaacha kucheka. "Kule Arusha niliacha gauni la bibi harusi, nikashona mapazia ya bwana mmoja aliyekuwa anapiga honi nje. Yule binti aliolewa na gauni la kuazima, limebanwa pini mgongoni. Nilikuwepo kanisani, niliziona zile pini. Na mapazia yalikaa kwangu mwezi mzima. Mwenyewe hakuja kuyachukua."

Akampa kipande cha chaki. Romani akakinusa kwanza. Kilikuwa chaki tu.

Asubuhi ile alimwaga rundo lote sakafuni. Alichagua kipande kwa kipande, na nyuma ya mlango wake akachora. Duara alipata moja tu: magauni manane. Alikaa akashona. Dereva mwingine alipofika na "dakika mbili", Romani alisema bila kuinua kichwa, "Iache hapo. Njoo saa tisa." Dereva akaiacha, wala hakufa.

Saa nne akaja Theodori, amevimba. "Fundi, suti yangu ndiyo iwe ya kwanza."

"Bosi, utaivaa lini?"

"Nimesema ni ya haraka."

"Nimesikia. Utaivaa lini?"

Theodori akatazama kiatu chake. "Tarehe ishirini na tano."

Siku hiyo ilikuwa tarehe nne. Romani akachora mstari. "Tarehe ishirini uje uijaribu." Theodori aliondoka ananung'unika, lakini aliondoka.

Si wote waliokubali. Mama mmoja alileta kitenge kizuri. Romani akashika mkasi kwa mazoea, kisha akauweka chini. "Mama, chako nitakikata Jumanne, zamu yake ikifika."

"Basi nipe, niende kwingine."

Alikwenda, na hakurudi. Romani aliumia. Alimtazama Mama Jesse kwa jicho la pembeni ili aone kama kitenge kile kinaingia kwake. Hakikuingia.

Alhamisi alimaliza magauni matatu. Ijumaa mengine matatu. Jumamosi saa saba mchana alikata uzi wa gauni la mwisho.

Saa tisa Damasi alifika na mfuko. Hakuamini. Alivuta kila mkono aone kama umeshonwa kweli. Aligeuza kila gauni ndani nje akitafuta pini. "Fundi, haya umeyashona wewe?"

"Nimeshamaliza, Katekista," alisema Romani. Neno lenyewe lilikuwa geni mdomoni mwake.

Saa kumi na nusu alikuwa nyumbani, na gauni la Edda mkononi. Jua lilikuwa bado kali. Valeria alisimama mlangoni, akamzuia.

"Nani kafa?"

"Hakuna."

"Unaumwa? Hebu pumua nikunuse."

"Mama Edda, nimemaliza kazi tu."

Valeria alimpisha, lakini alimtazama mpaka alipokaa. Edda alikuwa tayari amelichukua gauni. Alilivaa, akazunguka mara moja, akazunguka tena, kisha akakataa kulivua ili lipigwe pasi.

Jumapili wasichana wanane wa Nakwa walipita mbele ya askofu kwa mstari mmoja mweupe. Hakuna aliyevaa sare, wala aliyetembea ameshikilia pindo lisiloshonwa.