Klachi ya Marehemu

Haya yalimpata rafiki yangu, fundi wa magari tunayemwita Nati, na mpaka leo akiyasimulia hukunja uso. Aliletewa gari la zamani, ambalo marehemu mwenyewe alikuwa na mazoea ya kukanyaga klachi mara mbili kila alipobadili gia. Mwanawe akataka gari liwe otomatiki, lisilo na klachi. Mjane akaja gereji, amenuna.

"Wewe fundi, ukiing'oa klachi ya mume wangu, usije ukanililia."

"Mama, kazi kanipa mwanao. Mzee hapandi tena gari hili."

Nati akashusha giaboksi, akang'oa pedali ya klachi, akaitupa mezani. Mchana huo mvua ilipiga, akafunga mlango wa chuma, akaingia shimoni chini ya gari. Umeme ukakatika. Giza totoro. Juu yake, ndani ya gari, akasikia: kwich, kwich, kama klachi ikikanyagwa.

"Nani huyo? Toka kwenye gari la watu."

Akapanda, akapapasa viti vyote, hakuna mtu. Akajikongoja hadi mezani, akaishika ile pedali, roho ikamtulia kidogo.

Ndipo ikakanyagwa mle mle mkononi mwake, mara mbili.